Mwadhini wa Chumbageni na Mshipa wa Shingo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiumba damu na kuiwekea njia zake, akaipandisha kutoka moyoni mpaka kichwani usiku na mchana, nasi hatuna habari. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaona mistari ya daftari hili, na kwa kumbukumbu, maana wengi wa rika langu imewaaga kabla wao hawajatuaga. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Nao walionifundisha, wa dini yangu na wasio wa dini yangu, Mungu awalipe kwa kila herufi.

Mwezi uliopita nilishikwa na kizunguzungu siku mbili mfululizo, na wajukuu wakanipeleka hospitali kupimwa mishipa ya shingo. Nililazwa kitandani, kijana mmoja mpole akanipaka shingoni kitu cha baridi kama ute wa mlenda, akateleza juu yake na kidude kidogo, na hapo chumba kizima kikajaa sauti. Fyuu, fyuu, fyuu. Ilikuwa damu yangu inapanda kwenda kwenye ubongo. Kwenye kioo cha mashine niliiona ikipita kwa rangi nyekundu na buluu. Kijana akaniambia kipimo hicho kinaitwa Dopla, kwamba mashine hutuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti hiyo ikigonga damu inayokimbia hurudi imebadilika, na kwa mabadiliko hayo hujua kama njia ni pana au imeziba. Akasema, “Mishipa yako iko wazi, bibi, kama ya msichana.” Alipogeuka kunipa kitambaa nijifute akakuta nalia, akadhani ameniumiza. Nikamwambia hapana, mwanangu, nimekumbuka mtu. Kitu alichokiona yeye kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, mimi nilikitafuta miezi minne kwa masikio na vidole, na kama nisingekipata, mtu mmoja mwema angeondoka kwenye kazi ya maisha yake kwa aibu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimetoka Moa kuja Tanga kusomea uuguzi, na kwa kuwa wazazi wangu hawakutaka nilale kwenye mabweni, nilipangiwa chumba Chumbageni, kwa Maalim Athumani na mkewe, Bi Tatu. Maalim alikuwa mshona kofia na mwadhini wa msikiti uliopakana na nyumba yao. Chumba changu kilikuwa cha uani, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, dirisha la mbao lisilofungika vizuri, na ukuta mmoja tu ulionitenga na kibaraza cha msikiti. Kitanda kilikuwa cha kamba. Asubuhi Bi Tatu alipika mihogo kwa tui zito, au vitumbua ambavyo alivigeuza kwa kijiti huku anasoma nyiradi, nasi tukala ukumbini juu ya mkeka, vipande vya uzi wa kofia vimetapakaa pembeni. Ijumaa tulikula wali wa nazi na changu wa kukaanga, na Maalim hakula mpaka kila mtu ameshapakuliwa. Alikuwa mtu mwembamba, mzaha haumtoki mdomoni. Nilipomwamkia “Shikamoo, Maalim,” aliitikia “Marahaba, daktari wangu,” na Bi Tatu humwambia asinivimbishe kichwa kabla sijajua hata kufunga bendeji.

Siku hizo hapakuwa na vipaza sauti. Maalim alipanda ngazi tano za mawe nje ya mlango wa msikiti, akasimama kwenye kijukwaa kilichofika usawa wa paa, akatia vidole masikioni, akainua kidevu, na sauti ikatoka iliyowafanya hata wachuuzi wa Kikristo waliokuwa wakipita barabarani wapunguze mwendo. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba mwadhini akifika “Hayya alas-swala,” njooni kwenye sala, hugeuza uso kulia. Na akifika “Hayya alal-falah,” njooni kwenye kufaulu, hugeuza uso kushoto. Miaka ishirini na zaidi Maalim alikuwa amegeuka hivyo mara tano kwa siku. Kisha, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo, siku moja alasiri, akiwa amefunga na homa ya malaria imo mwilini, aliadhini akayumba akaanguka. Walimshika kabla hajafika chini. Alimeza dawa, homa ikaisha, Idi ikapita, tukasahau.

Lakini hakupona. Wiki tatu baada ya Idi alianguka tena, bila homa na bila swaumu. Akaanguka tena, na tena. Mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta nilikuwa wa kwanza kutambua jambo moja: kila mara sauti ilikatika mahali pale pale. Kulia aligeuka salama. Alipogeuka kushoto, “Hayya alal” ikatoka, na neno la kufaulu halikuja. Kishindo kikafuata, kisha nyayo za Shabani, kijana wa msikitini, akikimbilia juu kumalizia. Maalim alizinduka baada ya muda mfupi, akauliza amefika wapi, akataka kuendelea. Mara ya nne alipasua paji la uso. Mara ya tano alivunja meno mawili.

Uani kwetu wanawake walikaa wakipepeta mchele na kuijadili habari hiyo mpaka ikachakaa. Mmoja alisema ni jini. Mwingine akamkatalia, kwamba tumefundishwa shetani akisikia adhana hukimbia, sasa jini gani huyu anayesubiri mpaka adhana ifike katikati ndipo apige? Jirani yetu, mwanamke wa Pemba aliyeuza karafuu na aliyejua jambo la kila nyumba, akajibu bila kuinua macho kwenye ungo: “Huyo si jini wa kawaida. Huyo kasoma.” Walicheka mpaka Bi Tatu akaingia ndani. Nilimfuata nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Akaniambia wazee wa msikiti wamekaa kikao. Mzee Mbaruku, aliyekuwa mkubwa wao, amesema kwa upole kwamba adhana isiyokamilika inawatia watu wasiwasi, na tena kijukwaa kile kitamuua mtu. Wamempa Maalim muda mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Ikifika siku hiyo naye bado anaanguka, nafasi inakwenda kwa Shabani. “Shabani mwenyewe anaadhini kama anafukuza kuku,” Bi Tatu alisema, na hakuwa akitania.

Hospitali nako nilikuwa katika wodi ya wanaume, nikifundishwa na daktari Mzungu mwenye sauti ndogo na subira kubwa. Wiki chache kabla, alikuwa ameletwa mzee kutoka shamba la mkonge upande wa Maramba, mkono wake wa kulia hauna nguvu na maneno yanamtoka yamevunjika. Daktari aliweka kipimo cha kusikilizia kwenye shingo ya mzee yule, si kifuani, akatuita mmoja mmoja tusikilize. Nilisikia mvumo, kama upepo unaopenya kwenye mlango ulioachwa wazi kidole kimoja. Akatueleza kwamba pande mbili za shingo ipo mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mshipa ukiwa mpana damu hupita karibu kimya. Ukivuma, ujue pamekuwa pembamba. Kisha akatuonya. Chini ya pembe ya taya, alisema, pana mahali ambapo mshipa umewekewa mlinzi wake. Ukipabonyeza kwa nguvu, mlinzi hudhani damu imezidi, huuambia moyo upunguze, na kwa baadhi ya watu moyo hutii mpaka ukanyamaza. Gusa kwa upole, upande mmoja tu, na usiguse bila sababu. Niliyaandika hayo neno kwa neno.

Kwa hiyo nilidhani nimeshajua ugonjwa wa Maalim. Nilimwomba daktari ampime, akakubali, na Maalim akaja asubuhi moja amevaa kanzu safi, amejifukiza udi. Daktari alimsikiliza kifua, akampima presha mkononi, akasikiliza shingo kulia, akasikiliza kushoto. Akaniachia na mimi. Nilifumba macho nikangoja ule mvumo. Hapakuwa na kitu, ila mapigo ya mbali, tulivu. Daktari alimwambia ageuze shingo kulia na kushoto. Akageuza, akatabasamu, akauliza kama ageuze tena. Alimwita tena baada ya wiki, mambo yakawa yale yale. Akaandika kwamba mgonjwa ni mzima, akaniambia taratibu kwamba huenda tatizo liko kwenye hofu ya mtu mwenyewe. Jioni ile ile Maalim alipanda kuadhini Magharibi, akaanguka. Habari ikaenea Chumbageni kwamba hospitali wamemtazama mara mbili hawakuona kitu, basi si ugonjwa wa hospitali. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia nikawa nimemfungia mlango wa mwisho. Nililala bila kula.

Aliyenifungua macho alikuwa Elizabeti. Tulikuwa tukisoma pamoja. Mlutheri, binti wa wakulima wa milimani Usambaa, mcheshi na mpenda kubisha. Tulikuwa tunakunja mashuka, siku ya Alhamisi, kesho yake ndiyo ile Ijumaa ya wazee. Nilimsimulia yote upya, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama anauliza bei ya nyanya:

“Hospitali alikuja amevaa vile vile anavyovaa akienda kuadhini?”

Nikamjibu kanzu ni kanzu. Akasema kwao milimani bibi yake akienda zahanati huvaa nguo ambayo hata kanisani haivai, na huacha nyumbani kila kitu anachodhani Mzungu atakicheka. “Wewe muulize mkewe,” alisema. “Wanaume hawajui walichovaa.”

Nilirudi Chumbageni baada ya zamu, jua bado lipo, nikamkuta Bi Tatu anakuna nazi. Nilimuuliza. Mbuzi ya nazi ikasimama. Kwanza alisema hakuna kitu. Baadaye, kwa sauti ya chini, akasema ipo hirizi. Baada ya Maalim kuanguka ile mara ya kwanza ya Ramadhani, yeye Bi Tatu alikwenda kwa shehe mmoja mcha Mungu, akaandikiwa aya za kinga, zikashonewa ndani ya ngozi ngumu. Kila Maalim anapotoka kwenda kuadhini, Bi Tatu humfungia shingoni chumbani kwao, chini ya ukosi wa kanzu, na akishuka huivua kwa sababu ngozi inamwasha. Na kila alipoanguka, Bi Tatu alidhani hirizi imelegea, akaikaza zaidi. Siku za hospitali waliiacha nyumbani, wasimpe daktari la kusema.

Nilimwomba anionyeshe. Ilikuwa kipande cha ngozi kilichokunjwa, nene, ukubwa wa kokwa mbili za tende, kwenye ukanda mwembamba. Nikamuuliza ikifungwa hukaa wapi. Akaweka kidole chake kwenye shingo yake mwenyewe, upande wa kushoto, chini ya pembe ya taya.

Maalim alipotoka msikitini baada ya Alasiri nilimweleza ninalolifikiri. Nilichagua kila neno, kwa kuwa nilikuwa nagusa maneno ya Mungu, nagusa heshima ya shehe, na nagusa mapenzi ya mke kwa mumewe, mambo matatu kwa mara moja, na mimi ni mtoto wa kuamkia. Maalim akakaa juu ya mkeka, akaegemea ukuta, akaninyooshea mkono. “Hospitali ulinishika kama mgonjwa,” alisema, “na hapa nishike kama mgonjwa. Bi Tatu yupo.” Leo ningemkaripia mwanafunzi yeyote anayefanya jaribio kama lile nyumbani, pasipo daktari, pasipo chochote. Nilikuwa na miaka ishirini, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Niliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wake. Mapigo yalikuwa sawasawa, yenye nguvu. Bi Tatu akamfungia hirizi kama anavyofunga siku zote, akamfunga na kifungo cha ukosi. Nikamwomba Maalim ainue kidevu kama yuko juu ya kijukwaa, ageuke kulia. Mapigo yakaendelea. Nikamwomba ageuke kushoto. Pigo moja. Jingine, limechelewa. Kisha chini ya vidole vyangu hapakuwa na kitu. Sijapata kusikia ukimya kama ule tena katika maisha yangu, na nimefunga macho ya watu wengi. Uso wake ulipauka, macho yakapanda. Nikamwambia Bi Tatu afungue, lakini vidole vyake vilikataa fundo, nikapenyeza kidole changu chini ya ukanda nikauvuta kwa nguvu mpaka ukakatika. Nikarudi kwenye mkono nikaanza kusoma Fatiha, sikufika katikati. Pigo likaja. Likaja la pili. Yakaja mengi, kama watoto wanaotolewa chuoni.

Maalim alifumbua macho akauliza amefika wapi. Bi Tatu alikuwa ameshika ile hirizi kwa mikono miwili na machozi yanamdondoka juu yake.

“Ni mimi,” alisema. “Muda wote huu ni mimi niliyekuwa namkaba mume wangu.”

Maalim alimtazama, bado hajapata rangi usoni. “Miaka thelathini unanikaba,” akasema, “ndiyo leo umegundulika?”

Nilikuwa sijawahi kuona watu wawili wanacheka na kulia kwa pamoja kiasi kile. Walipotulia niliwaambia kwamba kosa haliko kwenye aya wala kwenye nia; kosa ni la ngozi na mahali ilipokaa. Maalim, ambaye alikuwa amesoma kuliko wengi waliomjadili, akasema maneno ya Mungu hayakuchagua shingo. Akamwomba mkewe atafute ukanda mpana wa kitambaa, akaifunga hirizi juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, na ukosi wa kanzu akauacha wazi kifungo kimoja. Magharibi ile hakuadhini. Alisema hataki majaribio ya siri. Shabani aadhini, na yeye atapanda Ijumaa mchana, watu wote wakiwepo.

Ijumaa nilikuwa na zamu ya mchana. Elizabeti alinishikia, kwa malipo ya mkate mzima wa kumimina, na akaniagiza nimletee habari kamili, si za nusu. Uani kwetu walikuwa wamejaa wanawake wa nyumba saba au nane. Hakuna aliyesema amekuja kusikiliza. Mmoja alikuja kuazima kinu, mwingine kurudisha ungo, yule jirani wa Pemba alikuja bila sababu na hakujisumbua kuitafuta. Harufu ya wali ilikuwa imetanda. Bi Tatu alikaa kwenye kibao cha nazi bila kukuna kitu.

Takbira ikapanda. Wanaume barabarani walinyamaza, hata kengele za baiskeli zikakoma. Shahada ya kwanza, shahada ya pili. “Hayya alas-swala,” mara mbili, nasi tukaitikia kwa kunong’ona kwamba hapana hila wala nguvu ila kwa Mungu. Kisha pakawa na pumzi, ile pumzi ya kugeuka. Nilimwona Bi Tatu akishika ukingo wa khanga yake kwa meno.

“Hayya alal-falah.”

Ilitoka nzima, ndefu, imenyooka, ikapita juu ya mapaa ya makuti na ya mabati. Ikaja tena mara ya pili, na hii ya pili aliivuta kuliko ya kwanza, nadhani kwa makusudi, Mungu amsamehe. Hatukupiga vigelegele, kwa kuwa si mahali pake, lakini jirani yetu wa Pemba alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili na mabega yanamtikisika. Adhana ilipokwisha Bi Tatu aliomba dua yake yote mpaka mwisho, akajifuta uso, akainuka, akasema wali utaungua.

Asubuhi ya Jumamosi nilifungua mlango wa nje nikakuta wazee watano wamesimama kwa mstari, Mzee Mbaruku mbele yao. Nikawaamkia. Waliitikia, wakatazamana, kisha Mzee Mbaruku akashusha ukosi wa kanzu yake akanionyesha ukanda mweusi uliobana shingo yake, akaniuliza kama wa kwake nao umekaa vibaya. Bi Tatu alitoka na mkasi na vitambaa, akawakalisha barazani, mmoja baada ya mwingine, na mpaka adhuhuri hirizi zote za mtaa ule zilikuwa zimehamia mikononi. Maalim alishona kofia yake pembeni, akiwaambia wasimsukume daktari wake.

Wiki iliyofuata alirudi hospitali kwa hiari yake, hirizi yake mkononi pasipo kuificha, akamweleza daktari kila kitu. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliifuta ile karatasi aliyoandika kwamba mgonjwa ni mzima, akaandika upya, na tangu siku hiyo, kila alipoingia mwanafunzi mpya wodini, alimfundisha swali moja la kumuuliza mgonjwa kabla ya kumgusa: umevua nini kabla ya kuja kwetu? Nimeliuliza swali hilo miaka yangu yote ya kazi. Limenipa majibu ambayo hakuna kipimo kingenipa, na limewarudisha nyumbani watu wengi kwa miguu yao. Maalim Athumani aliendelea kupanda ngazi zile tano mpaka magoti yalipomkatalia, na hakuanguka tena hata mara moja.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu aifanye pana njia ya damu yako na njia ya riziki yako. Akupe wa kukufungia kwa mapenzi na wa kukufungulia kwa wakati. Akujaalie shingo ya kugeuka kulia na kushoto bila hofu, na kila utakapoitwa kwenye kufaulu, akufikishe. Amina.